Kabla ya Kutandika Mkeka Bustanini

Shangazi yangu aliwahi kulipia bustani ya umma kwa simu. Alituma pesa kwa namba ya mtu aliyejitambulisha kuwa wa ofisi, akajibiwa "imeingia, karibuni." Jumamosi tukafika na mahema mawili, sufuria tatu za pilau na watoto wasiohesabika. Askari wa langoni, kijana mpole kabisa, akasema, "Mama, naomba risiti." Shangazi akamwonyesha ujumbe wa M-Pesa. "Hii inaonyesha umemtumia huyo mtu, Mama. Risiti ya kaunti iko wapi?" Pilau tuliila kando ya barabara, wengine wakiwa wameketi juu ya mahema yenyewe.

Kwa hiyo ukiwa na chama, kanisa, madrasa au ukoo unaotaka kukutana bustanini Nairobi, usianze na bei. Anza kwa kuuliza bustani ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti bustani za kaunti, fuo na sehemu za burudani. Uhuru Park na Jeevanjee ziko chini ya kaunti. Lakini Arboretum, ingawa iko mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji, pamoja na Karura, ziko chini ya shirika la misitu, KFS. Barua iliyopelekwa afisi isiyohusika hairudi na majibu. Inalala tu, na tarehe yako inakaribia.

Sasa ada. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa au kusamehewa ila kwa sheria. Kwa kaunti, viwango hivyo hukaa katika Sheria ya Fedha inayopitishwa na bunge la kaunti, na mwishoni mwake kuna jedwali la ada. Omba uonyeshwe mstari unaokuhusu. Ni haki yako, wala si ukorofi. Angalia umewekwa fungu gani: mara nyingi mkutano wa familia, harusi, picha za biashara na tamasha la kuuza tiketi havitozwi sawa. Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayeulizia bei Mei kwa sherehe ya Septemba aulize tena kabla ya kulipa. Na ukiahidiwa kwamba nyinyi ni kikundi cha hisani hivyo hamtalipa, omba msamaha huo kwa maandishi, kwa sababu aliyekuahidi hatakuwa langoni siku hiyo.

Barua yenyewe iwe fupi lakini isiyoacha pengo: jina la kikundi, tarehe, idadi ya watu, sehemu mnayoitaka, mahema mangapi, magari, jenereta, spika, na kama mtapika au mtaleta chakula kilichoiva. Kuhusu saa, kuwa mwangalifu. Ukiandika "saa 4" bila neno asubuhi, karani aliyezoea kuandika kwa Kiingereza ataelewa ni saa kumi jioni. Nimeliona hilo likitokea. Hesabu pia muda wa kusimamisha mahema na wa kuzoa taka, maana kibali kikiisha saa 11 jioni, saa 11 jioni ndiyo mnayotakiwa kuwa nje, si kuanza kukunja viti.

Mkitakiwa kuweka dhamana, ulizeni inarudishwa lini na kwa njia gani. Kinachoila mara nyingi ni vigingi vya hema vilivyopigwa juu ya mabomba ya kunyunyizia maji, na mkaa uliomwagwa kwenye nyasi. Piga picha za uwanja mkiingia na mkitoka.

Lipa kwa namba iliyo kwenye ankara tu. Malipo ya huduma za serikali kuu hupitia eCitizen, Paybill 222222. Kaunti zina mifumo yao. Namba ya mtu binafsi, hata akiwa na kitambulisho kifuani, usiitumie. Chapisha risiti nakala mbili, moja ikae kwa atakayefika wa kwanza.

Polisi nao? Sherehe ya kuzaliwa haiwahusu. Ila kwa mkutano wa hadhara wa kujadili mambo ya umma, kituo cha polisi hupelekewa taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa: kukusanyika kwa amani kunalindwa na Kifungu cha 37. Lakini taarifa hiyo haichukui nafasi ya kibali cha bustani, wala kibali hakichukui nafasi yake.

Mwisho ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei hayana adabu, na si kila afisi hukubali kusogeza tarehe iliyokwisha kulipiwa. Uliza kabla. Shangazi siku hizi huomba Februari, na risiti huiweka ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, pamoja na cheti chake cha ndoa.