Taa za Gari Zimekuwa Manjano? Zing'arishe Mwenyewe Bila Kupoteza Pesa

Leo tunaongea na wewe mwenye gari, hasa wewe unayebeba abiria usiku au unayesafiri ushago mwisho wa mwezi. Simama mbele ya gari lako uziangalie zile taa kubwa. Kama plastiki yake imekuwa na ukungu au imegeuka manjano, endelea kusoma. Tutaonyesha jinsi ya kuirudisha wazi ukiwa nyumbani, na jinsi ya kulipia vifaa au fundi bila pesa yako kupotea njiani.

Kwa nini taa hufifia?

Taa za magari ya zamani zilikuwa na kioo. Magari mengi ya siku hizi yana plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Ni nyepesi na haivunjiki ovyo, lakini jua huiharibu. Ndiyo maana kiwandani hupakwa koti nyembamba inayokinga miale ya jua, yaani UV. Miaka ikipita, koti hiyo huchakaa. Jua likifikia plastiki yenyewe, taa inakuwa manjano. Vumbi na vijiwe vya barabarani vinamalizia kazi.

Hapa Kenya tatizo hili ni la kawaida. Tuko kwenye Ikweta, magari mengi hulala na kushinda nje, na mengi tunayanunua yakiwa yametumika ng'ambo. Sheria inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, kwa hivyo koti ya taa inaweza kufika Mombasa ikiwa tayari imechoka.

Na si urembo tu. Chama cha magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofifia mwaka 2018 kikakuta zinatoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Baada ya kung'arishwa zilifika karibu asilimia 70. Sasa fikiria: ukienda kilomita 80 kwa saa, gari linapita mita 22 kila sekunde. Mtu anayevuka barabara usiku akiwa na nguo nyeusi, ukimwona sekunde mbili mapema, hizo ni zaidi ya mita 40 za kukanyaga breki.

Pima kwanza kabla ya kununua chochote

Osha taa kwa maji na sabuni, kisha imwagie maji safi uiangalie ikiwa bado imelowa.

- Ikionekana wazi ikiwa na maji, halafu ukungu unarudi ikikauka, uharibifu uko nje. Hiyo utaiweza.
- Ikibaki na ukungu hata ikiwa na maji, au ukiona matone ndani, shida iko ndani. Huenda unyevu unaingia. Msasa hautasaidia, mwone fundi wa taa.
- Ukiona nyufa ndogo ndogo zilizoingia ndani ya plastiki, usitumie pesa kung'arisha. Anza kuweka akiba ya taa nyingine.

Usikimbilie kununua balbu kali zaidi. Mwanga ukipita kwenye ukungu hutawanyika na kumwingia machoni dereva anayekuja, huku barabara yako ikibaki giza.

Njia za mkato zinazokula pesa

Dawa ya meno ina chembe zinazosugua, kwa hivyo inaweza kuondoa ukungu mwepesi. Lakini haiachi kinga yoyote. Ni ya kukufikisha wikendi, si zaidi.

Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ni mbaya zaidi. Ukiipaka, taa inang'aa papo hapo na unaona umeokoka. Kumbe dawa inayeyusha ngozi ya juu ya plastiki. Petroli na thina pia zikae mbali, kwa sababu zinaweza kuitia plastiki nyufa. Fundi wa kando ya barabara akitoa kitambaa chenye harufu ya petroli na kukuahidi taa mpya kwa dakika tano, mshukuru na uendelee na safari yako.

Vifaa unavyohitaji

- Msasa wa maji namba 800 au 1000, 1500, 2000 na 3000
- Tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi
- Ndoo ya maji na sabuni kidogo
- Vitambaa laini visivyoacha nyuzi
- Alkoholi ya isopropili kutoka duka la dawa
- Kinga ya jua: vanishi ya magari ya kupuliza isiyo na rangi, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inakinga UV na inafaa kwa taa za plastiki

Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha ili kupunguza gharama, na ndiyo muhimu kuliko zote. Msasa huondoa koti kuukuu. Usiporudisha nyingine, umeiacha plastiki uchi juani, na baada ya miezi michache utarudi pale pale. Ikipakwa vizuri, kinga inaweza kukaa mwaka mmoja au zaidi.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme msasa umekugharimu shilingi 400, tepu 150, vitambaa 200, alkoholi 250 na vanishi 1,200. Jumla ni 2,200. Jirani yako amelipa fundi 1,000 asugue na kupaka polishi bila kinga. Leo yeye ameokoa 1,200. Akienda kwa fundi mara tatu kwa mwaka, atakuwa ametumia 3,000, na kwa miezi mingi bado haoni vizuri usiku. Nenda dukani uulize bei za kweli, uzijaze kwenye hesabu hii, kisha uamue.

Hatua kwa hatua

Tafuta kivuli. Zima gari na uache taa zipoe. Tenga kama saa mbili, na usifanye mvua ikinukia.

1. *Osha na ufunike.* Osha taa, ikaushe, kisha zungushia tepu kwenye rangi ya gari. Weka tabaka mbili, maana msasa ukiteleza mara moja utalipa pesa ya rangi.

2. *Anza na msasa mkali.* Loweka namba 800 au 1000 majini dakika chache. Sugua kwa mwendo mmoja, kushoto kwenda kulia, huku ukimwaga maji. Maji yatageuka kama maziwa yenye umanjano. Hiyo ni koti kuukuu inatoka. Endelea hadi maji yatoke meupe na taa yote ifanane. Itaonekana imefifia kuliko mwanzo. Usishtuke, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

3. *Panda namba.* Nenda 1500, ukisugua juu kwenda chini. Ukibadilisha mwelekeo utaona kama mikwaruzo ya kwanza imeisha. Kisha 2000, ukirudi kushoto kwenda kulia, na mwisho 3000. Usiruke namba. Mkwaruzo ulioachwa na 1000 hauwezi kumalizwa na 3000.

4. *Safisha kabisa.* Suuza, kausha, futa kwa alkoholi. Baada ya hapo usiguse taa kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanazuia vanishi kushika. Kwa sababu hiyo hiyo usipake polishi kabla ya vanishi. Mikwaruzo midogo iliyobaki itajazwa na vanishi yenyewe.

5. *Weka kinga.* Funika sehemu pana ya gari kwa magazeti. Vaa barakoa, fanya nje mahali pasipo na moto wala upepo. Puliza tabaka nyembamba mbili au tatu, ukisubiri kati yake kama kopo linavyoelekeza. Ukipuliza nzito itachuruzika. Usioshe gari kwa siku nzima.

Kama umenunua seti maalum ya kung'arisha taa, fuata karatasi yake. Nyingine hutumia polishi na kinga ya kupaka kwa kitambaa badala ya kupuliza.

Usiku, egesha kwenye sehemu tambarare ukiangalia ukuta, kisha washa taa za chini. Tazama pale mwanga unapokatika. Mstari ukionekana safi, kazi imefaulu. Amini macho yako kuliko picha ya simu, kwa sababu kamera hujirekebishia mwanga yenyewe.

Ukinunua au ukimwita fundi: linda pesa yako

*Lipa kwa nambari ya biashara.* Dukani, iwe ni Kirinyaga Road au kwa spea za mtaani, lipa kwa till ya duka. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Lisipofanana na la duka, uliza kwanza. Pesa ikishatoka, kuirudisha si rahisi kama kuituma.

*Usitume deposit kwa usiyemjua.* Ukiona mtandaoni taa nzima inauzwa nusu ya bei ya kila mahali, na muuzaji anataka utume pesa yote kwa nambari yake binafsi ndipo "aachilie mzigo", simama hapo. Omba kwenda kuiona, au lipa ikifika na uhakikishe inaingia kwenye gari lako.

*Patana na fundi kabla hajaanza.* Muulize swali moja: "Baada ya kusugua, unaweka kinga gani ya jua?" Mwambie akuonyeshe kopo. Asipokuwa na jibu, anauza mng'ao wa wiki chache. Mkielewana, lipa ya vifaa kwanza na iliyobaki baada ya kuona mwanga ukutani.

*Tunza ujumbe wa malipo.* Una kodi ya muamala, tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Mliyokubaliana yaandike kwa meseji pia: kazi gani, vifaa gani, akirudia lini taa zikififia. Taa zikigeuka manjano baada ya mwezi, utakuwa na cha kumwonyesha.

*Na wewe fundi,* usiachilie gari kwa sababu mteja amekuonyesha meseji kwenye simu yake. Angalia ujumbe kwenye simu yako na salio lako. Akidai ametuma zaidi kimakosa na anataka umrudishie haraka, hakikisha kwanza kwamba pesa imeingia kweli.

Kwa ufupi

Pima kwa maji, sugua kwa maji, panda namba bila kuruka, na usimalize bila kinga ya jua. Ukiweka kando shilingi 50 kwa siku kwenye akiba ya simu yako, kwa siku 44 utakuwa na ile 2,200 ya mfano wetu bila kukopa. Kama unaendesha kila usiku, usingoje zifike zote: punguza mwendo na safiri mchana inapowezekana hadi taa zitengenezwe.

Kumbuka pia, hatutakupigia simu kamwe kukuuliza PIN yako, hata ukisema umetuma pesa ya spea kwa nambari isiyo sahihi. Ukikosea, ripoti mara moja kupitia menyu yetu au huduma kwa wateja. Safari njema.