Mashimo ya Igisoro na Namba Kubwa

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tuliokulia Gisenyi tumecheza igisoro, lakini ni wachache waliofikiri kwamba ubao ule waweza kufundisha hesabu. Una safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete zake ni 64.

Siku moja, kando ya Ziwa Kivu, mzee mmoja aliniuliza: "Kijana, ukitia haragwe 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, ukaendelea hivyo maradufu mpaka shimo la 32, utahitaji maharagwe kiasi gani?"

Nikajibu upesi, "Gunia moja litatosha, mzee."

Akasema, "Umehesabu, au umedhani?"

Nikaona haya, nikaenda kutafuta karatasi. Shimo la 32 peke yake lataka maharagwe 2,147,483,648, na jumla ya mashimo yote ni 4,294,967,295. Kilo moja ikiwa na maharagwe 2,500, basi hayo yapita tani 1,700. Malori 170 ya tani kumi kumi hayatoshi kuyachukua!

Sasa tuitazame namba hii. Ukiiongezea 1 wapata 4,294,967,296, nayo ni 65,536 mara 65,536. Twajua kwamba namba ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikaondolewa 1, hugawanyika kwa urahisi. Kwa mfano, 10 mara 10 ni 100. Ondoa 1, ni 99, yaani 11 mara 9. Kwa njia hiyo hiyo namba yetu ni 65,537 mara 65,535. Nayo 65,535 ni 257 mara 255. 255 ni 17 mara 15. Na 15 ni 5 mara 3. Basi:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Zote tano ni namba tasa, maana hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ili kupata vigawo vyote vya namba yetu, kila moja ya hizo tano twaweza kuitwaa au kuiacha. Kwa hiyo vigawo ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32, sawa na mashimo ya ubao!

Nikajaribu safu moja: mashimo 8, jumla 255, vigawo 8. Safu mbili: mashimo 16, jumla 65,535, vigawo 16. Nikafurahi mno, nikaandika kwamba mbao mbili, zenye mashimo 64, zitatoa vigawo 64. Hapo nilikuwa nimedhani tena.

Jumla ya mashimo 64 ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Kama hii ya pili ingekuwa tasa, ningekuwa nimesema kweli. Pierre de Fermat wa Ufaransa, bingwa wa hesabu wa karne ya 17, aliamini kuwa ni tasa. Lakini mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi, alionyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417.

Je, yahitaji kujaribu namba zote? La. Euler alithibitisha baadaye kwamba kigawo tasa cho chote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za namna hiyo, kuanzia ndogo, ni 193, 257, 449, 577, na 641. Ya tano yaigawanya sawasawa.

Basi namba tasa za mbao mbili ni saba, wala si sita, na vigawo vyake ni 128. Mfano ulionyoka mara tatu ulipinda mara ya nne. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika jibu, hujiuliza swali la yule mzee.

Zoezi: Andika vigawo vyote 8 vya 255. Kisha zidisha 641 kwa 6,700,417 kwa mkono wako, usiniamini mimi tu.