Usipoziba Ufa wa Jino

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeitumia katika insha nyingi hapa shuleni: za nidhamu, za ufisadi, hata za barabara mbovu. Leo naomba tuipeleke mahali inapofaa zaidi, yaani mdomoni. Tofauti ni moja tu. Ukuta wa nyumba ukianguka, fundi huweza kuujenga upya. Jino la ukubwani likishang'oka haliot​i tena.

Nimeandika somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, hapa Awasi na vijiji vya jirani wengi wetu humwendea daktari wa meno siku jino linapotunyima usingizi, na wakati huo mara nyingi dawa iliyobaki ni koleo. Pili, wale waliobahatika kuzibwa jino kwa kile kijazo cheupe hudhani kazi imekwisha. Wapi! Ndiyo kwanza inaanza.

Kabla ya kuendelea, neno moja la msamiati. Kijazo ni kitu kinachotiwa ndani ya tundu la jino ili kuliziba. Katika mazungumzo tunasema tu "kuziba jino" au "kujaza jino".

TUNDU HUTOKEA VIPI?

Jino lina tabaka kuu tatu. La nje huitwa enameli, nalo ni gumu kuliko kitu chochote mwilini, hata mfupa. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi. Katikati kabisa kuna kiini chenye neva na mishipa ya damu.

Mara nyingi utasikia mtu akisema eti jino lake limeliwa na mdudu. Hakuna mnyoo wala funza ndani ya jino. Waliopo ni bakteria, wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi katika ule utando unaonata juu ya meno. Sisi tukila sukari, nao wanakula. Wakisha kula hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli. Mate hupambana nayo, lakini huhitaji kama nusu saa hivi au zaidi kuishinda.

Hapo ndipo pana siri ambayo wengi hawaijui: idadi ya mara unazokula vitu vitamu ina uzito kuliko wingi wake. Sisi wa Awasi tu majirani wa mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, kwa hiyo tuchukue mfano wa muwa. Otieno anatafuna kipande chake chote baada ya chakula cha mchana, anasukutua maji, basi. Akinyi anakigawa kipande kama hicho, anatafuna kidogo kidogo hadi jua linatua. Muwa ni ule ule, lakini meno ya Akinyi yameshinda ndani ya asidi mchana kutwa. Soda na peremende ni vivyo hivyo.

Ubaya mwingine ni kwamba enameli haina neva. Tundu likiwa bado humo, jino halilalamiki. Ukianza kuhisi maji baridi yanakuchoma, tundu limefika kwenye dentini. Likianza kupwita usiku wa manane, huenda limefika kwenye kiini, na hapo kuziba tu hakutoshi. Ni matibabu ya mzizi au kung'oa. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuziba ni kabla ya maumivu, wakati ambapo hakuna anayekuhurumia na wewe mwenyewe huoni haja ya kupanda matatu kwenda Kisumu.

AINA ZA VIJAZO

Kijazo cha zamani, kile cha rangi ya fedha, huitwa amalgamu. Ni kigumu na hudumu sana, lakini karibu nusu yake ni zebaki. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kuhusu Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mkataba huo unayataka mataifa yapunguze matumizi ya zebaki, pamoja na hiyo ya kwenye meno. Hata hivyo, ikiwa una kijazo cha fedha na hakina kasoro, usikimbilie kukitoa. Mwulize daktari kwanza.

Vijazo vyenye rangi ya jino ni vya namna mbili hasa. Cha kwanza ni kompositi, mchanganyiko wa utomvu wa viwandani na unga laini wa kioo. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi kidogo hupata vinyweleo ambavyo utomvu huweza kung'ang'ania. Kumbe adui yetu asidi, akishikwa na fundi, huwa mtumishi!

Cha pili ni glasi-ayonoma. Haking'ai wala hakistahimili nguvu kama kompositi, lakini hujishikiza chenyewe kwenye jino na hutoa floraidi kidogo kidogo. Kuziba jino kuna historia hapa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, madaktari wa meno walianza kuziba meno pahali pasipo umeme. Waliondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, kisha wakaziba tundu. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Kwa hiyo mtu asikwambie kuwa kuziba jino ni jambo la watu wa mijini. Njia iliyosambaa duniani ilianzia kwa jirani zetu, kwa ajili ya vijiji kama vyetu.

KIJAZO CHEUPE KINAVYOWEKWA

Mimi nimezibwa gego moja kwa kompositi katika kliniki mjini Kisumu, kwa hiyo naeleza niliyoyapitia.

Kwanza daktari alinidunga sindano ya ganzi. Mdomo ukawa mzito kama si wangu. Kisha akaondoa sehemu iliyooza kwa mashine yenye mlio mwembamba. Mlio unatisha kuliko kazi yenyewe. Akalinganisha rangi ya jino langu na vipande vya mfano, akaweka pamba kuzuia mate, akapaka asidi kwa sekunde chache, akaiosha na kukausha, kisha akapaka gundi.

Baadaye akatia kompositi tabaka baada ya tabaka, nyembamba kama milimita mbili, na kila tabaka akaimulika kwa taa ya buluu kwa sekunde kama ishirini. Nilimwuliza kwa nini asijaze mara moja. Akajibu kwamba mwanga haufiki chini sana, na tena kompositi hunywea kidogo inapokauka. Ukiweka donge moja kubwa, linaweza kujivuta na kuacha mwanya ukingoni. Mwisho akaniumisha karatasi ya rangi, akasawazisha palipozidi, akang'arisha.

Nilipojitazama kwenye kioo sikuona tundu wala kijazo. Hapo ndipo pana mtego. Kijazo cha fedha hukukumbusha kila unapopiga mswaki kwamba jino hili lina historia. Cheupe hujificha, nawe unasahau. Lakini mahali kijazo kinapokutana na jino pana mshono, na bakteria hawadanganywi na rangi. Tundu jipya likianza, mara nyingi huanzia pale pale kwenye mshono.

KUTUNZA

1. Usile mpaka ganzi iishe, usije ukajiuma shavu bila kujua. Kompositi huwa imeshakuwa ngumu unapotoka kliniki. Kwa glasi-ayonoma, subiri muda atakaokwambia daktari.

2. Jino likishtuka kwa baridi au moto siku za kwanza, usiogope. Lakini ukiuma na kuhisi kijazo kimetangulia kugusa kabla ya meno mengine, rudi kisawazishwe. Ni kazi ya dakika chache, na ukipuuza jino litauma au kijazo kitapasuka.

3. Piga mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Soma maandishi ya kwenye boksi dukani. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Anayetumia mswaki wa mti afike hadi magego ya nyuma, si meno ya kuchekea tu.

4. Safisha katikati ya meno kwa uzi wa meno. Mswaki haufiki huko, na mishono mingi iko huko.

5. Meno si chombo cha kazi. Kufungua soda, kumenya muwa na kuvunja mfupa ni mambo ya kuvunja kijazo. Tumia kifungulio na kisu.

6. Chai ya rangi na kahawa huweza kukibadilisha rangi. Fahamu pia kwamba dawa za kung'arisha meno hazikifanyi kijazo kuwa cheupe. Jino litang'aa, nacho kitabaki kilivyo.

7. Mwone daktari hata kama huumwi. Kijazo cheupe kikitunzwa hudumu miaka mingi, lakini si cha milele. Mshono ukifunguka mapema, hutengenezwa kwa urahisi.

HITIMISHO

Wazee wetu wa Kijaluo waliondolewa meno sita ya mbele ya chini, na hiyo ilikuwa alama ya kutoka utotoni. Walijua siku, walijua sababu, na jamii nzima ilijua. Sisi meno yanatutoka moja moja bila sherehe yoyote, kwa sababu tulingoja yaume. Basi wenzangu, jioni hii chukua kioo, simama penye mwanga, utazame magego yako. Ukiona doa jeusi au shimo dogo lisilouma, huo ndio ufa. Umeuona ungali ufa.

ZOEZI

1. Kwa nini tundu lililo kwenye enameli haliumi?
2. Eleza tofauti mbili kati ya kompositi na glasi-ayonoma.
3. "Bakteria hawadanganywi na rangi." Fafanua.
4. Tunga kisa kifupi kinachothibitisha methali: Mdharau mwiba mguu huota tende.