Sururu na Nyundo: Makosa ya Mtu Anayeanza

Kijana anayetoka Kpandroma kuja kutafuta kazi kwenye machimbo ya Mongbwalu anakuja na mikono iliyokwisha kufundishwa na jembe. Amelima viazi na maharagwe tangu utoto. Kapita akimpa sururu anacheka: ni kazi gani hii? Siku ya tatu viganja vimetoka malengelenge, na siku ya nne anashika kiuno.

Sababu yake tuielewe vizuri. Udongo humeza pigo la jembe, lakini jiwe hulirudisha. Nguvu ambayo haikupasua jiwe hupanda kwa mpini hadi kwenye kiwiko, bega na mgongo wako.

Anayeanza hukaza mpini kwa mikono yote miwili, na mikono haihami. Ufanye hivi: ikiwa unatumia mkono wa kuume, wa kushoto ukae karibu na mwisho wa mpini. Wa kuume uanze juu, karibu na chuma, wakati wa kuinua. Chuma kikishuka, mkono huo uteleze mpaka ukutane na mwenzake. Shika kama unavyoshika mkono wa mtoto unapomvusha mto: asiponyoke, wala asiumie.

Halafu kuna kosa la kuonyesha nguvu. Kijana huchagua nyundo nzito kuliko zote, naye huiinua kwa kuguna. Ukiongeza uzito wa nyundo mara mbili, pigo huongezeka mara mbili. Lakini ukiongeza mwendo wake mara mbili, pigo huongezeka mara nne. Kwa hiyo chukua nyundo unayoweza kuiendesha. Watazame wanaocheza gofu kule Lubumbashi: kichwa cha fimbo yao ni gramu 200 hivi tu, nacho chaweza kurusha mpira wa gramu 46 zaidi ya mita 200. Na mwalimu wa gofu huwakemea wanafunzi kwa makosa yale yale ya huku kwetu: kukaza mikono, kutumia mabega peke yake, kuinua kichwa kabla pigo halijafika.

Simama miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo. Kabla ya pigo la kwanza, nyoosha mikono na uweke chuma pale unapotaka kupiga. Huo ndio umbali wako. Ukiwa mbali mno, chuma kitashuka kabla ya jiwe na kurudi kwenye muundi wako. Ukiwa karibu mno, mpini ndio utakaogonga jiwe, uvunjike, na chuma kiruke. Ukitaka kupiga upande mwingine, hamisha miguu. Usisokote kiuno huku miguu imesimama. Wala usitupe chuma nyuma ya kichwa, kwa maana mgongo unapinda, na mwenzako aliye nyuma hana macho kisogoni mwako. Penye dari ya chini, acha kuzungusha kabisa, tumia mtaimbo.

Wengi hufumba macho pigo linapofika. Kapita hukasirika, lakini mtu huyo anaogopa vipande vya jiwe, naye ana haki. Usimcheke, mpe miwani ya kazi. Akiisha kuivaa ataweza kutazama mahali pa kupiga, wala si nyundo inayopita hewani.

Tindo nayo tuiseme. Isishikwe kwa mkono mtupu wakati mwingine anapopiga. Ishikwe kwa koleo refu, na anayeishika akae pembeni. Kichwa cha tindo kilichopasuka na kuchanua kama uyoga kinolewe mpaka kingo zote ziishe, kwa sababu vipande vyake huruka kwa kasi kubwa. Na ile desturi ya kuloweka nyundo usiku kucha ili kichwa kikaze ni ya kujidanganya: mti huvimba, kisha hukauka na kulegea kuliko kwanza. Tia kabari, au badili mpini. Jiwe likitoa vumbi, limwagie maji kabla ya kupiga, maana vumbi la mawe ya dhahabu huharibu mapafu polepole, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Na kama kipande kimeingia jichoni? Usifikiche. Usimruhusu rafiki akitoe kwa ncha ya kitambaa au kwa ulimi, kama wengine wanavyofanya. Funika jicho kwa kikombe safi kisichogusa mboni, ukifunge kwa kitambaa, uende kwa munganga siku ile ile. Usingoje kesho eti maumivu yamepungua: kipande cha chuma chaweza kupenya ndani ya jicho bila kuuma sana, kikakaa humo, na baada ya muda jicho likapoteza nuru. Mwambie munganga ulikuwa unapiga nini na kwa chombo gani, ili ajue anatafuta jiwe au chuma.