Vitz ya shangazi imezima: uishike mwenyewe au umwite fundi?

Dondoo muhimu

Gari la ndugu likiharibikia mkononi mwako, unalipa spea na lawama. Kabla hujashika spana:

• Soma dalili. Ukizungusha ufunguo ikalia "tk-tk" na taa zikafifia, anza na betri. Pima kwa mita kabla ya kuwasha: betri yenye chaji kamili husoma takriban volti 12.6, chini ya 12 imeisha chaji. Safisha vichwa vyake, kaza, jaribu tena.

• Chomoa stiki ya oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Usiwashe, ita fundi.

• Jua mipaka yako. Betri, fyuzi, balbu, plagi na filta ya hewa unaziweza. Breki, usukani na giaboksi mwachie fundi.

• Linda mwili. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee. Weka stendi, zuia magurudumu. Injini ikichemka, usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe.

• Piga hesabu. Ulizia bei ya spea mpya na ya mtumba. Kwa Dar es Salaam, pita Gerezani. Jumlisha na vifaa utakavyolazimika kununua. Ikikaribia gharama ya gereji, peleka gereji.

• Kubalianeni mapema. Nani ananunua spea, gari litalala siku ngapi, na ukishindwa nani atamlipa fundi? Shangazi akisita kujibu, usifungue hata nati moja.