Kupungua kwa Barafu ya Kilimanjaro

Asubuhi ya mwezi wa Juni, mtoto wa Tunduma au Vwawa huenda shuleni akitetemeka kwa baridi. Hata hivyo haoni theluji. Katika nchi yetu barafu ya kudumu ipo mahali pamoja tu, napo ni juu ya Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895.

Barafu hiyo inapungua. Mwaka 1912 ilifunika kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Ni nini kilichoipunguza? Fanya jaribio hili kwanza.

Chukua vipande viwili vya barafu vyenye ukubwa sawa. Nyunyiza unga wa mkaa juu ya kimoja. Viweke juani, kila kimoja katika sahani yake. Utaona kuwa chenye mkaa huyeyuka upesi zaidi. Rangi nyeusi hupokea joto la jua; rangi nyeupe hulirudisha.

Theluji mpya ni nyeupe sana, nayo huikinga barafu iliyo chini yake. Mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilizidi kuwa kavu. Theluji ikapungua, na barafu kuukuu yenye vumbi ikabaki wazi juani. Sehemu yake huyeyuka. Sehemu nyingine hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza, hata hewa ikiwa baridi. Mabadiliko hayo yalianza kabla moshi wa viwanda na magari haujazidi kama leo. Basi tusimlaumu binadamu kwa yote.

Lakini barafu ya milima ya Ulaya nayo inapungua, na ukavu wa kwetu haufiki huko. Makaa ya mawe, kama yale yaliyomo ardhini Ileje, na mafuta ya malori yanayovuka mpaka Tunduma, yakichomwa hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo huzuia joto lisitoke upesi duniani, kama blanketi.

Wengi hudhani kuwa barafu ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka. Sivyo. Maji mengi ya mito hiyo hutoka msituni, penye mvua na ukungu. Moto wa watu, wakiwemo warina asali, umeunguza sehemu ya juu ya msitu huo. Kwa wakulima walio chini ya mlima, hasara hiyo ni kubwa kuliko ya barafu.

Maswali
1. Kwa nini theluji mpya huikinga barafu?
2. Taja sababu moja ya asili na moja ya binadamu.
3. Rudia jaribio kivulini. Je, tofauti ni ile ile? Eleza.