Kiwango cha chini cha adhabu: Je, hakimu aliyefungwa mikono anaweza kutenda haki?

Nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa vijana wa sekondari hapa Tanga. Siku moja, tukiwa kwenye mada ya hudud na taazir, kijana mmoja kutoka pwani ya Mkinga alinyoosha mkono: "Ustadh, kaka yangu alikuwa anapiga kasia tu. Baruti alirusha mwingine. Wote wamepewa miaka mitano. Hiyo ni haki?" Siku ile sikumjibu. Leo najaribu.

Kwanza tuwe wakweli. Uvuvi wa baruti ni ufisadi. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wachanga na kuvunja matumbawe yanayochukua miaka mingi kukua. Jirani anayetega dema anarudi mikono mitupu. Faini ndogo haimtishi mtu ambaye mlipuko mmoja unamlipa zaidi ya faini hiyo. Ndiyo maana Sheria ya Uvuvi ya 2003 iliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa anayevua kwa baruti, na kisichopungua miezi 12 kwa anayekutwa nayo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya adhabu za chini: kwa makosa kama wizi wa mali ya umma na rushwa, miaka 2 jela na viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Sheria ya 1972 ikachukua nafasi yake. Hoja kubwa ya sheria za namna hii ni kwamba hakimu asipate nafasi ya kumpendelea mwenye nacho. Ni hoja nzuri. Mtume (s.a.w.) alikataa uombezi kwa mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, akabainisha kuwa hata angekuwa binti yake Fatma, hukumu ingekuwa ile ile.

Msomaji atauliza: mbona hudud nazo ni adhabu zisizobadilika? Kweli. Lakini hudud ni chache na mlango wake ni mwembamba: ushahidi mzito, na penye shaka adhabu huondoka. Sayyidna Umar (r.a.) hakukata mikono ya wezi mwaka wa njaa. Katika taazir, kadhi hupima: nani kafanya, kwa nini, mara ya ngapi. Tena mjadala mkubwa wa mafaqihi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, ulikuwa juu ya ukomo wa juu, ili mtawala asipindukie. Sisi tumeweka ukomo wa chini, ili mkosaji asiponyoke.

Hapa ndipo swali la kijana linaposimama. Kiwango cha chini hakiondoi uamuzi wa mwanadamu, kinauhamisha tu. Shitaka la kukutwa na baruti linaanzia miezi 12. La kuvua kwa baruti linaanzia miaka 5. Anayechagua shitaka hufanya hivyo ofisini, hatumsikii. Hakimu, anayesema hadharani na kuandika sababu zake, ndiye tuliyemnyang'anya mizani. Tumetaka kuziba mlango wa rushwa, tumeuhamishia chumba kisicho na dirisha.

Tuwatazame majirani. Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji ni kinyume cha katiba, kwani inamnyima jaji nafasi ya kupima. Lakini Julai 12, 2024 mahakama hiyo hiyo ilisema viwango vya chini katika makosa ya kujamiiana ni halali. Sioni kigeugeu hapo. Mtoto aliyenajisiwa naye ana haki yake.

Rai yangu: kiwango kibaki, lakini hakimu aruhusiwe kushuka chini yake kwa sababu maalumu atakazoziandika, na upande wa mashtaka uweze kukata rufaa. Hata sheria kali ya 1963 iliacha upenyo kwa mwenye kosa la kwanza, kama mali haikuzidi shilingi 100 na palikuwa na sababu maalumu.

Na wewe kijana wangu: kaka yako alikosa, maana bila kasia baruti isingefika mwambani. Lakini hakuwa sawa na aliyeinunua, akamtuma mwingine baharini, na usiku akalala kwake. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, tufanye uadilifu hata kwa tunaowachukia. Sembuse kwa mpiga kasia.

Wallahu a'lam.